Mbuzi wa Mwalimu Sekela

Usiku ule nililala nikiwaza kibao cha kuchorea. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto hapa Mbeya, na miaka yote nimechora kwa penseli, wino na rangi za maji. Jioni nilikuwa nimepita kwenye duka la kompyuta mjini, na dada muuzaji akaniwekea vibao viwili mezani. Kimoja cheusi, bapa, hakionyeshi kitu. Unapitisha kalamu juu yake, mchoro unatokea kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Cha pili kina kioo, na mstari unauona palepale chini ya ncha ya kalamu. Nikajaribu hiki, nikajaribu kile, nikashindwa kuamua.

"Nenda kalale kwanza, kaka," dada akaniambia. "Kesho utajua unachotaka."

Haraka yangu ilitokana na kazi. Kampuni moja ya vitabu ilitaka kutoa upya kitabu cha kusomea cha watoto, na ikanipigia simu nizipitie picha zake za zamani kwa kompyuta na kuzitia rangi. Picha zenyewe alizichora Mwalimu Sekela, mama aliyenifundisha kuchora tangu sijui kushika brashi. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na alifariki na uchungu.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoacha kumpa kazi, ikisema michoro ya mkono imepitwa na wakati. Alipoanza kuugua kifua nilimsindikiza hospitali, tukakaa kwenye benchi karibu na mtoto aliyekuwa akisoma kitabu cha kampuni ileile. Mwalimu akachungulia. Akaona mbuzi mwenye ndevu, amesimama juu ya paa la jiko.

"Huyo mbuzi ni wangu," akasema.

Akamwomba mtoto kitabu, akafunua kurasa zote. Kwenye kila picha, kona aliyokuwa akiandika jina lake ilikuwa imekatwa. Mama wa mtoto akakichukua kitabu taratibu, akamvuta mwanawe upande wa pili, kama anayemwepusha na mtu aliyerukwa na akili. Mwalimu hakulia. Aliitazama mikono yake tu. Hakuchora tena, na hakuishi sana.

Basi usingizi ukanichukua, nikajikuta tena dukani. Duka ni lilelile, ila taa hazijawashwa na mwanga unatoka nisikokujua. Dada muuzaji hayupo. Nyuma ya meza amesimama Mwalimu Sekela, amevaa sweta lake la kijani ambalo nilishuhudia likigawiwa ndugu baada ya msiba.

"Shikamoo, Mwalimu."

Anaokota kalamu ya kile kibao cheusi, anainama kama alivyokuwa akiinama darasani, anaanza kuchora. Anachora kwa muda, kisha anatazama chini, na chini hakuna kitu. Kibao ni cheusi vilevile.

"Yuko wapi?" ananiuliza.

Namwonyesha kwa kidole. Kwenye kompyuta, mbali kidogo, mbuzi amesimama juu ya paa.

Anamtazama bila kupepesa.

"Mkono wangu huku, mbuzi wangu kule," anasema. "Ndivyo walivyonifanya."

Nataka kumwambia kwamba hiki ni kifaa tu, kwamba mtu hukizoea, muuzaji alinieleza. Nasogeza kibao cha kioo mbele yake. Anagusa, na mstari unatoka chini ya kalamu, mweusi, mzuri, unanenepa anapokandamiza na kukonda anapolegeza. Uso wake unachangamka kidogo. Nami nafurahi, nafurahi kupita kiasi, kama mtoto aliyefaulu kumchekesha mzazi mwenye hasira.

"Nichukue hiki, Mwalimu?"

Anaweka kalamu chini. Meza si meza tena. Tumekaa kwenye benchi la hospitali, harufu ya dawa inanipanda puani, na kwenye mapaja yangu kuna picha za mbuzi, zote zimekatwa kona. Mwalimu ananiegemea sikioni. Pumzi yake haina joto.

"Umekuja kuniuliza kuhusu kisu, Lusajo. Kuhusu mbuzi hujaniuliza."

Nalia. Nasikia machozi yakinidondokea mikononi, na yanapodondokea picha, hazilowi. Anachukua moja, na kwa ukucha anaandika jina lake, herufi moja moja, ndani ya manyoya ya mbuzi, shingoni, kwenye ndevu, mpaka manyoya yote yanakuwa maandishi.

"Niliandika pembeni, wakakata pembeni. Wewe andika pasipokatika."

Nikanyoosha mkono nimshike, nikashika neti ya mbu.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani ananitazama. "Ulikuwa unamwita Mwalimu," akasema. Nilimsimulia yote, na mdomo wangu ulikuwa mchungu kama niliyetafuna majani ya mwarobaini.

Ofisi zilipofunguliwa nikampigia mhariri wa ile kampuni, mama mpole sana wa maneno.

"Jina la Mwalimu Sekela litakaa wapi kwenye kitabu?"

"Lusajo, baba, zile picha ni mali ya kampuni. Tulishamlipa zamani."

"Sijauliza ni mali ya nani. Nimeuliza jina."

Akacheka kidogo, kicheko cha kumbembeleza mtu. "Nafasi hakuna. Na wewe kazi yako ni kusafisha tu. Au hutaki?"

Nikamwambia sitaki. Alinishukuru kwa upole uleule, akakata simu.

Kazi akapewa Ambakisye, ambaye tulikaa naye dawati moja kwa Mwalimu Sekela. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamweleza ndoto na kile nilichoagizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunidharau.

"Pole, kaka," akasema. "Lakini Mwalimu amekufa, hali wala hanywi. Wanangu wanakula kila siku."

Nikaaga nikaondoka, kwa sababu hata wangu wanakula.

Kitabu kimetoka. Rangi zake zinapendeza, siwezi kusema uongo. Nililitafuta jina la Mwalimu kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, nikapekua manyoya ya yule mbuzi kwa kioo cha kukuzia, kwa matumaini ya kijinga kwamba labda Ambakisye alibadili mawazo. Ni manyoya matupu.

Mimi nilirudi dukani nikachukua kibao chenye kioo, na sasa natafuta kazi kwingine, ndogo ndogo. Kila asubuhi nikikiwasha huwa siendi moja kwa moja kwenye picha. Naandika jina la Mwalimu kwanza, katikati kabisa. Halafu naanza kuchora juu yake, mti, mtoto, nyumba, mpaka ifike mahali ambapo hata mimi nikitaka kulifuta, itabidi nifute vyote.