Karatasi za chumvi

Mu kalasi yetu ya magaribi ya kujifunza kusoma, kule Mususa, kila mwisho wa mwezi mwalimu alikuwa anatuuliza maulizo mbili: umesoma nini, na mwezi wenye kuja utasoma nini? Banamuke benzangu balikuwa banajibu: Injili, katekisimu. Mimi nikisimama, bote banacheka mbele nifungue kinywa. Balijua: mimi ninasoma karatasi za chumvi.

Ilikuwa wakati wa vita. Masomo moja, shule ya njia ya Beni, ilikuwa imevunjwa, na vitabu vyake vikafika mu soko ya Butembo kwa kilo. Bamama balivipasua karatasi moja-moja, banafungia mo karanga na chumvi. Donc ukinunua chumvi, unarudi na page ya kitabu.

Mama-mukwe wangu njo alianzisha. Macho yake haikuona tena, alikuwa anaikala ku mulango, anapupula maharagi, anayatoa mu maganda kwa kupapasa tu. Siku moja nikamimina chumvi mu kopo, akasikia karatasi inalia mu mikono yangu.

“Iko na maandiko?”

“Iko nayo, mama.”

“Soma basi. Ile masomo yako ya magaribi inatusaidia nini kama hatusikie?”

Kilikuwa Kiswahili, Mungu asifiwe. Nikasoma pole pole, kidole chini ya neno. Ilikuwa habari ya kijana mwenye alitoka kwabo kutafuta kazi, na muto ukajaa nyuma yake. Hapo page ikaisha. Mama-mukwe akaacha maharagi.

“Atarudia namna gani kwa mama yake?”

“Sijue, mama. Imeishia hapa.”

“Enda ununue chumvi ingine.”

Nilijua juu ya nini. Mutoto wake, bwana yangu, alikuwa amepanda na lori kuenda kununua maharagi Eringeti, kisha njia ikafungwa. Hatukusikia neno. Mchana hatukumuongelea. Mu rozari tu njo tulikuwa tunamutaja.

Ule mwezi tulikula chumvi! “Mama, mboga ya sombe inakata ulimi,” batoto banalia. Karatasi zilikuja ovyo: leo kijana iko na ndevu, kesho angali hana. Mama-mukwe alizipanga mu kichwa yake. “Hiyo inatangulia ile ya muto. Rudilia.”

Mwenye kuuzisha chumvi alinishangaa. “Mama Chumvi, unapikia kambi muzima?” Nikamuelezea. Yeye hakujua kusoma, mais kila page ya kile kitabu ilikuwa na picha ya kandege kadogo pale juu. Akaanza kunitengea zenye kandege.

Mwisho wa mwezi mwalimu akauliza. Nikasimama.

“Nimesoma kijana mwenye muto ulimufungia njia. Mwezi wenye kuja ninataka kujua kama anarudia kwabo.”

Hakuna mwenye alicheka. Kila mumoja wetu alikuwa na mutu wake mu njia.

Kesho yake, ku soko, yule mama akanipa page moja. “Ona, maandiko inakomea katikati, chini ni peupe tu. Hii njo ya mwisho.” Nikakimbia nayo mpaka nyumbani. Mama-mukwe akaipapasa, akaikunja.

“Hapana. Hii tutaisoma na yeye.”

“Na kama anakawia, mama?”

“Basi masomo yako ya mwezi wenye kuja njo hiyo: kumungoja. Rudilia ile ya muto.”

Nikaiweka nyuma ya musalaba. Kila magaribi nikasoma zile za zamani mpaka batoto bakazijua kwa kichwa.

Bwana yangu alifika siku ya yenga, tumetoka misa. Alikuwa amepita mu pori, miguu imevimba, akapumuzika Kalunguta kwa batu yeye hata habajue. Mama-mukwe akamushika uso, masikio, mabega. Akamupa bugali na sombe. Kisha akasema, “Mama ya batoto, leta karatasi.”

Nikasoma. Kijana wa kitabu hakurudia. Alijenga kule kule, akatumia mama yake kikwembe cha kuvaa na salamu. Nikaweka karatasi ku magoti.

Mama-mukwe alikuwa angali ameshika mukono ya mutoto wake. Akacheka, kicheko sikukuwa nimesikia tangu njia ifungwe.

“Mwenye kuandika hii hajue kitu. Fungia mo chumvi.”

“Hapana!” bwana yangu akasema, kinywa kimejaa sombe. “Chumvi mu hii nyumba inatosha.”