Mwali wa Mita Mia Nne

Hata leo nikisikia harufu ya liwa, moyo unanienda mbio. Wengine inawakumbusha harusi. Mimi inanirudisha Temeke, kwenye chumba cha nyuma cha bibi yangu, ambamo dada Zena aliwekwa ndani akiwa mwali, amepakwa liwa mwili mzima, na huku jina lake limeshapelekwa kwenye michezo ya nchi jirani.

Msione ni jambo dogo. Michezo ile ilianza na sisi, Kenya na Uganda, kisha Zambia nayo ikaingia, na nchi zikawa zinapokezana uenyeji. Mwaka ule zamu ilikuwa yetu, tena kwenye uwanja ambao kutoka kwetu unafika kwa miguu. Zena alikuwa akimbie mita mia nne. Lakini mwali haonekani nje mpaka siku ya ngoma yake, na aliyesimamia sheria hiyo mtaa mzima alikuwa bibi mwenyewe, kungwi aliyewafunda mama zetu na shangazi zetu.

Mwalimu wa michezo alikuja kuomba, kofia mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umemfuata Zena, mwali haonwi na jua, mwanangu, sembuse Wakenya."

Mwalimu akaondoka kichwa chini. Zena alilia siku mbili, chakula hagusi. Siku ya tatu bibi alikokota kinu akakiweka mlangoni mwa chumba kile, akanipa mchi na mimi. "Twanga," akasema. Kinu kilikuwa kitupu! Nilidhani bibi kazeeka, mpaka niliposikia miguu ya Zena ndani, akikimbia papo hapo juu ya jamvi. Basi tukawa tunatwanga hewa kila alasiri, wiki tatu nzima, kuficha kishindo chake. Jirani yetu Mama Hadija, mdaku wa kuzaliwa, akaja na ungo kuomba unga.

"Unga gani, mwenzangu?" bibi akamjibu bila kupepesa jicho. "Hii dawa ya mwali."

Siku yenyewe ilipofika, bibi alimfunika Zena kanga mbili, toka utosini mpaka miguuni, akamshika mkono, mimi nyuma yao. Wanawake wa mtaa walitoka vibarazani kututazama. Hakuna aliyetusalimu. Njiani bibi aliniinamia akaninong'oneza, "Huyu akishindwa, mie sina pa kuuweka uso."

Kwenye lango la uwanja askari akatuzuia. "Bibi, huku wanapita wachezaji tu."

"Na huyu unadhani nani, bibi harusi?"

Tukapita. Bibi alimsindikiza hadi kwenye mstari wa kuanzia, na majina yalipoitwa ndipo akamvua zile kanga, akanirushia mimi nizishike. Zena alikuwa amepauka kwa kukosa jua, kavaa kaptura ya shule iliyomfika magotini. Watu wakacheka. Bastola ikalia. Kona ya kwanza alikuwa wa nne, upande wa mbali wa tatu, na kona ya mwisho akawa bega kwa bega na msichana wa Kenya. Nilizing'ata zile kanga kwa meno. Mara Zena akachomoka! Alifika kwenye utepe peke yake, na uwanja mzima ukasimama. Nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema. Wapiga picha walipomkimbilia walimkuta bibi kawatangulia, ameshamfunika. Medali alivishwa juu ya kanga.

Kilichofuata nilikielewa nikiwa mtu mzima, mama aliponieleza. Tangu siku ile hakuna nyumba pale mtaani iliyomwita bibi tena kumfunda binti yao, kwa sababu alimtoa mwali kabla ya ngoma. Msimu wa ngoma ukifika alikuwa akikaa ndani, anasikiliza vigelegele vya nyua za wenzake, na mimi nikidhani amechoka tu. Iliniuma sana. Nikamwendea nikamuuliza kama anajuta.

"Nijute nini?" akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wenzangu kila mmoja kamtoa wake uani. Mie wangu nimemtoa mbele ya nchi nne, na zote zikasimama."