Kabichi za Mama Zuhura Hazitoki Hapa

Naungama mwenyewe, maana Makambako nzima wameshanicheka.

Mimi ni bwana shamba, nafundisha wakulima kunawa wakishapiga dawa. Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, kila duka linauza dawa za wadudu kando ya sabuni. Mradi wa kilimo ukanipa kifaa chenye ncha inayopitisha umeme: unaitumbukiza majini, sindano ya kipimo ikishuka, kuna sumu. Nikaapa hakuna mboga yenye sumu itakayonipita.

Juzi alfajiri nilipiga dawa viazi vyangu kule kata ya Ramadhani, Njombe, nikakimbilia basi. Sokoni Makambako nikaanza na kabichi za Mama Zuhura, mfanyabiashara wa mboga, lori likisubiri kuzibeba. Nikachana jani, nikalifikicha kwa vidole ndani ya kikombe cha maji. Sindano ikaporomoka. La pili, hivyo hivyo. La kumi, hivyo hivyo!

"Hazitoki hapa," nikasema.

"Baba, aliyezilima hana hata bomba la dawa."

"Kifaa hakidanganyi, mama."

Nikashikilia msimamo mpaka mchana, kifua mbele. Mama Zuhura akanikaribisha wali. Ugomvi haumnyimi mgeni chakula. Akaninawisha mikono juu ya beseni, kisha akalisukuma beseni mbele yangu.

"Kabla hujala, baba, pima na maji haya."

Watu wakasogea. Kwa ukaidi nikatumbukiza ncha. Sindano ikaanguka mpaka mwisho, ikakaa huko huko. Ndipo nikakumbuka viazi vyangu.

Mama Zuhura akamgeukia dereva. "Pakia kabichi. Asiyetoka hapa ni bwana shamba."