Jani Linalolia

Leo maabara yetu inanuka shubiri mbichi, harufu chungu inayofika hadi kooni. Tunapima kama ute wake hufunga vidonda vidogo, na majibu yanatia moyo. Nimekata jani, nikaliegemeza ndani ya bilauri ili yatoke kwanza yale maji ya manjano yanayowasha.

Kule kijijini Makwasinyi, utotoni, nilipochubuka goti shambani, nyanya yangu aliliegemeza jani la shubiri vivyo hivyo kwenye kinu.

"Nyanya, nipake sasa!"

"Ngoja, mjukuu wangu. Jani nalo linalia. Lieni pamoja, likinyamaza nitakupaka."

Nikalia huku nikilitazama likidondoka, mpaka tukanyamaza sote wawili.

"Mbona umeketi tu?" mwenzangu wa maabara ananiuliza.

"Bado halijanyamaza," namwambia.