Zumari la Imamqoli

Taarifa rasmi ilieleza, na redio ikairudia mara tatu, kwamba wanaume wa bonde letu waliteremka milimani kwa hiari, bila silaha, wakishangilia kwa ngoma na zumari. Sina la kupinga. Zumari lilikuwa la Imamqoli, na bunduki kweli hawakuwa nazo.

Ulikuwa mwaka ule malisho yetu yalipotangazwa kuwa mali ya taifa, na vijana wakapanda na bunduki majabali ya Farsi, huku kusini mwa Iran, kuonyesha kuwa wao nao ni taifa. Kwetu Wakashkai, watu wa mifugo na mahema, likilia zumari la harusi, mwanamume hutundika bunduki na kuchukua fimbo ya mchezo. Anayekwenda harusini na risasi ni mshenzi. Kanali aliyeletwa kuzima uasi alikuwa mtu wa kusoma. Alifika hemani kwa mzee Imamqoli, mpiga zumari wa harusi zetu, akala mkate na chumvi, akaomba apigiwe zumari la harusi.

"Kwani serikali inaoa?" aliuliza Periniyaz, mke wa Imamqoli, macho kwenye zulia alilokuwa akifuma.

"Inaoa amani, mama."

"Na bibi harusi mbona hatumwoni?"

Kanali alicheka kuliko wote, kisha akamgeukia mzee. "Ayaz, mtoto wa ndugu yako, yuko huko juu. Akishuka leo, usiku atalala kwa mama yake. Nimekula chumvi yako, mzee wangu. Nitakudanganyaje?"

Imamqoli ndiye aliyemlea Ayaz tangu baba wa kijana huyo afe. Na aliyekula chumvi yako hawezi kukudhuru: hilo alilijua tangu ananyonya. Akachukua zumari.

Vijana walishuka wakitaniana, fimbo mabegani. Askari walikuwa wamejibanza nyuma ya mahema. Ayaz alipitishwa mbele ya ami yake, mikono imefungwa.

"Umepuliza vizuri, ami. Hata pumzi hukukosea."

Imamqoli akamkabili kanali. "Ulikula kwangu!"

"Na nikashukuru, mzee. Au sikushukuru?"

Alishukuru, tena kwa adabu kubwa.

Ayaz alipigwa risasi mjini kabla hatujahamia malisho ya kiangazi. Mwaka uliofuata wakubwa walikuja kuadhimisha ile hiari yetu, wakamtaka Imamqoli apulize.

"Limepasuka," alisema.

Lilikuwa zima. Mabinti wa bonde letu, tangu hapo, huolewa kwa kupigiwa makofi, bila zumari.