Mahali pa Taaka Kwenye Wimbo

Mke wangu Taaka alikuwa mwimbaji wa bendi ya Egau, pale Tororo. Mwaka wa 1964 kampuni ya santuri iliwaambia waache Kisamia, lugha ya kwao Taaka, waimbe Kiswahili tu. Taaka akamcheka mkubwa wa kampuni.

"Bwana, mimi nikimlilia mama yangu kwa Kiswahili, atajua ni nani analia?"

Wanabendi wakaondoka wote. Tangu hapo hakuna aliyewarekodi tena. Walipiga matangani, vijijini Dabani, Bulumbi, mpaka Kiyeyi. Katika wimbo wao wa maombolezo gitaa lilizunguka na mdundo wake, likanyamaza kidogo, ndipo Taaka akaingia na jina la marehemu. Hapo watu walilia.

Mwaka jana tukamzika yeye. Pale matangani nilimwomba Egau nisikie sauti ya Taaka katika wimbo ule, mara moja tu.

"Shemeji, nitaitoa wapi? Ule haukuingia kwenye santuri. Sisi tutapiga, wewe utaliita jina lake."

Wakapiga. Gitaa likazunguka, likanyamaza pale pake. Egau akanitazama. Maneno nayajua yote, lakini pale palikuwa mahali pa Taaka. Likazunguka tena, likanyamaza tena. Watu wote wakangoja. Hakuna aliyeingia.