Paka Hashibi kwa Bada

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ambayo mpaka leo sina hakika kama niliiona kwa macho au niliiota. Tulikuwa tunahama. Watu walitembea mbele yangu na nyuma yangu na vyombo vyao vichwani, mitungi, vitanda, hata milango iliyong'olewa, na ule ukungu wa kwetu Mazingara, Handeni, ukawa unawameza mmoja mmoja na kuwatoa tena. Hakuna aliyesema kwa sauti. Mimi nilibeba kapu la ukindu lenye mfuniko, na ndani ya kapu alikuwamo Tunu, paka wa marehemu mama yangu, amejikunja anakoroma. Nilikuwa mke mchanga, nimeolewa mwaka uleule, na katika vyote vya mama yangu nilibakiwa na paka yule tu.

Tulikuwa tunakwenda kuanza kijiji cha ujamaa. Ninyi mnayasoma hayo shuleni na kuyajibia mtihani, sisi tuliyatembea kwa miguu. Wazigua tulizoea kuishi mbalimbali, kila ukoo na kitongoji chake, na kati ya moshi wa jiko hili na lile kuna pori la kutosha. Sasa tukapangwa kwa mistari, mlango unatazamana na mlango, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Kulikuwa na raha yake, usidhani. Nilipenda asubuhi vinu vilipoanza, kimoja kikigonga na cha jirani kikaitikia, mpaka mstari mzima unatwanga, nami nasimama na mchi mkononi nasikiliza tu, hadi babu yako ananiuliza kama leo tutakula mashairi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulifikiri. Kule tulikotoka, mahindi ya mbegu yalikaa juu ya meko. Unayafunga kwa maganda yake, unayaning'iniza darini, moshi unayapiga hadi yanakuwa meusi, na hapo fukusi hagusi wala panya hagusi. Kijijini tukakubaliana mbegu za watu wote ziwekwe pamoja, katika ghala moja la udongo na mabati, safi, lisilo na meko wala moshi. Panya wa wilaya nzima ya Handeni nadhani walipelekewa habari.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema, mkulima kama sisi, mwenye sauti nene na imani isiyopungua. Akaitisha mkutano. "Ndugu zangu," akasema, "kijiji hiki kina paka mmoja tu, paka wa yule bi harusi wetu. Kuanzia leo ni paka wa kijiji. Atakaa ghalani, mlango ufungwe asizurure, na kila nyumba itampelekea chakula kwa zamu. Na atakula tunachokula sisi. Hapa hakuna mkubwa wala mdogo."

Watu wakapiga makofi, wakacheka kwa furaha. Nami nilicheka, mwanangu. Niliona fahari, paka wa mama yangu kupewa cheo. Ikawa kila siku mtoto wa nyumba yenye zamu anapita na kibakuli: leo bada, ule ugali wa unga wa muhogo, kesho ugali wa mahindi, siku ya neema bada na mchunga, ile mboga chungu ya majani, uliotiwa nazi. Mchunga kwa paka! Hata mtu mzima humeza mchunga kwa kuukunjia uso.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kabisa. Tunu alinenepa, manyoya yakang'aa kama yamepakwa mafuta, na kila mtu akaamini kwamba ni bada ya kijiji iliyomfanya vile. Kumbe alikuwa anakula panya. Vibakuli vyetu alivionja kwa adabu tu, jinsi mgeni anavyoonja chakula akiwa ameshashiba kwake. Ghala likatulia. Ukitega sikio ukutani husikii hata mkwaruzo, na sisi tukalala usingizi mzuri, mvua zikaja zikaenda, tukavuna, mbegu mpya zikaingia.

Panya walipokwisha, Tunu alibaki na bada.

Nilianza kuona mabadiliko, lakini niliyaona kama mtu anavyoona vitu akiwa nusu usingizini. Manyoya yakawa makavu. Usiku mmoja aliponyoka akakutana na dume wa porini, tukamrudisha ghalani, akazaa watoto, wakafa wote kabla hawajafumbua macho. Nikafungua mlango kumpa chakula, akawa haji mbio, anakuja taratibu huku anapapasa ukuta kwa masharubu. Nikasema amechoka. Kisha kiangazi kikawa kirefu, unga ukapungua kila nyumba, na mimi nikawa nakata bada yangu nusu, namega vidonge vidogo vidogo, navilainisha kwa maji moto, nampelekea Tunu chini ya kanga. Nililala na njaa, lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilijiambia, mama akiniona huko aliko atajua paka wake hajatupwa.

Halafu panya wakarudi. Walitoka maporini na kiangazi kile, wakatoboa chini ya ukuta, na siku tulipoingia ndani kabisa kukagua mbegu tukakuta magunzi. Si yote, Mungu ni mwema, lakini mahindi yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabu. Mbegu zikiisha tungepanda nini? Na katikati ya yale magunzi alikuwa amekaa Tunu, na panya anapita mbele yake taratibu, bila haraka, kama anakwenda dukani.

Mkutano wa siku ile uliitishwa adhuhuri, jua likiwa linapiga mabati mpaka yanalia. Watu walikuwa na hofu, na hofu ikitafuta pa kukaa haikosi mnyonge. Kijana mmoja akasimama akasema, "Mwenyekiti, asiyefanya kazi na asile. Paka huyu tunamlisha, na panya anawaangalia. Ni kupe tu!" Wakaitikia, kupe, kupe. Mwingine akasema atiwe gunia akatupwe mbali. Mwenyekiti aliniangalia kwa huruma, lakini alikuwa ameshanyoosha mkono kuuliza wanaokubali. Mikono ilianza kuinuka. Nilimkumbatia Tunu kifuani, na nakwambia kweli, niliona kama mama anakufa mara ya pili.

"Hebu mnipishe."

Sauti hiyo ilikuwa ya Bibi Mwanaidi, nyanya yake babu yako, ndiye aliyemlea. Alikuwa mzee tayari, haonekani mikutanoni, maana alisema anayajua maneno yote yatakayosemwa. Vijana wakampisha, shikamoo zikamwagika kila upande, marahaba hakuitikia hata moja. Akaja akakaa chini mbele yangu, akamchukua Tunu akamweka mapajani. Akachuma ujani, akaupitisha mbele ya macho ya paka, huku na huku. Paka hakugeuza kichwa.

"Haoni," akasema. "Mnataka kumtupa kipofu."

Kisha akambonyeza Tunu taya, mdomo ukafunguka, yale meno yake ya sindano yakaonekana. "Wewe mwenyekiti, mwanangu, njoo utazame. Haya ni meno ya kutafunia bada?"

"Bibi," mwenyekiti akasema kwa heshima, "sisi tulisema atendewe sawa na wengine. Kila nyumba imempa ilichokula."

"Sawa! Mbuzi wako unampa nyama ili awe sawa na wewe? Wamasai hawa wanapita hapa na ng'ombe wao, umeona hata mmoja anampikia ng'ombe ugali? Paka kaumbiwa nyama. Kule vitongojini kwetu mlidhani mnamlisha nyinyi. Alikuwa anajilisha mwenyewe, panya, mijusi, panzi, vifaranga vya ndege, na makombo yenu anayala kwa kuwafurahisha. Mmemfungia ndani. Kazi mliyompa kaifanya akaimaliza, na alipoimaliza mkamlipa kwa unga. Nimeyaona haya nilipokuwa napika kambini kwenye mkonge, Korogwe. Mpishi mwenzangu alimfungia paka chumbani, bada asubuhi, bada jioni. Manyoya yakaisha, mimba zikaharibika, mwisho macho. Hivihivi."

Yule kijana aliyesema kupe akajikuna shingo. "Lakini Bibi, wanasema paka akilishwa vizuri hawindi."

"Aliyekwambia hivyo ni panya," Bibi akamjibu, na mkutano mzima ukaangua kicheko, na mikono iliyoinuliwa ikashuka yenyewe. Siku ileile mbegu zilizobaki tukagawana, kila nyumba fungu lake, tukazirudisha juu ya meko, kwenye moshi. Hakuna aliyepiga kura.

Mimi nikamfuata Bibi nyumbani nikitarajia kusifiwa. Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nashinda njaa ili Tunu apate bada yangu. Alinigeukia, uso wake mzee umejaa mwanga wa mlangoni, akasema maneno ambayo nayasikia mpaka sasa nikisinzia. "Mwanangu, ulimpenda sana. Lakini ulimpa kile ambacho wewe ungekitamani. Hukukaa hata siku moja ukamtazama yeye anatamani nini. Ulikuwa unajilisha wewe."

Yaliniuma. Nililia nyuma ya nyumba hadi kanga ikalowa, maana nilijua ni kweli.

Kuanzia siku ile Tunu alikaa kwangu. Babu yako alipopeleka machungwa Korogwe alirudi na dagaa, au vichwa vya samaki wa mto Pangani alivyoviomba kwa wachuuzi wa Manundu, mjini hukohuko. Dagaa nilimlowekea chumvi itoke. Nyumba iliyochinja kuku ilimletea utumbo na kipande cha ini, na watoto waliokuwa wakipeleka vibakuli vya bada sasa walimletea panzi na panya wa shambani, kila mmoja akijisifu wake ndiye mkubwa. Mvua za masika ziliponyesha alikuwa amerudiwa na mwili wake, manyoya yanateleza mkononi. Akazaa tena, na wale watoto waliishi. Mmoja akawa wa ghala, ambamo sasa tuliweka nafaka ya kula, tukamtobolea tundu chini ya mlango aingie na kutoka atakavyo, na samaki wake akawekewa kila siku, na panya bado aliwaua.

Tukapanda. Mbegu zilitosha, kwa shida, tukifukia mbilimbili pale tulipozoea kufukia tatu.

Lakini macho ya Tunu hayakurudi. Nilingoja. Kila asubuhi nilichuma ujani nikaupitisha mbele yake, huku na huku, kama Bibi alivyofanya, na kila asubuhi alikaa ameelekeza uso kwenye jua bila kugeuka. Wahenga wanasema mpofuka ukongweni hapotewi na njia. Tunu hakupofuka ukongweni, alipofuka kijana, na njia aliipotea mara nyingi. Alikuwa akilia katikati ya uwanja, mlango wa nyumba uko mbele yake, nami natoka namwita, "Huku, Tunu, huku," mpaka anafuata sauti. Aliishi miaka mingi hivyo. Hakunikasirikia hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa akija kwangu mimi.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nimekusikia ukimwambia rafiki yako kwa fahari kwamba paka wako hachagui, anakula wali mtupu na ugali kama sisi. Hachagui kwa kuwa hana cha kuchagua. Njaa mwana malegeza, humlegeza hata simba.

Basi sikiliza, na usione aibu kusikiliza habari za paka kutoka kwa mwanamke mzee. Mbwa anaweza kwenda nawe kwenye ugali na makombo, akabweka, akaishi. Paka hawezi. Nyama kwake ni kama mahindi kwetu, si kitoweo cha sikukuu. Mpe samaki, dagaa waliotolewa chumvi, utumbo wa kuku, ini kidogo, yai ukiwa nalo, na ugali ukiuchanganya uwe wa kujazia tu. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, una madhara kwake. Maziwa yasikudanganye, mengi humharisha. Maji safi ndiyo kinywaji chake. Akiwa na mimba au ananyonyesha mwongeze, maana anakula kwa ajili ya matumbo yasiyoonekana. Na mwache atoke akawinde. Ukiona huna uwezo wa kumtafutia hayo, usimfungie mlango, utakuwa umemfunga na bakuli tupu hata likijaa.

Na hili si la paka peke yake. Utaolewa, utazaa, utauguza wazee, pengine utanilisha mimi. Usimpimie mtu kwa sahani yako. Mtazame kwanza, muulize, na asiyeweza kusema mchungulie kwa subira mpaka ujue. Huruma bila kujua nimeiona ikizima macho, na mkono uliokuwa unayazima ulikuwa umejaa mapenzi.

Haya, nenda ukatazame kama samaki wameletwa sokoni. Mola akukuze, akupe nyumba isiyokosa kitoweo na subira ya kumjua kila anayekula humo, na kiumbe chochote kitakachokutegemea kisiingie gizani kwa mkono wako. Amina, mwanangu.